Tathmini ya kipimo cha mate cha jeni ya CCR5, kinachouzwa kama kipimo cha kinga ya asili dhidi ya VVU

Kipimo ninachokitathmini hapa kinauzwa mtandaoni na kampuni ambayo sitaitaja, na ahadi yake imeandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi: jua kama mwili wako una kinga ya asili dhidi ya VVU. Kazi yangu ni unasihi, na wengi ninaokaa nao ni wenza ambao mmoja wao anaishi na virusi na mwingine hana. Kwa watu hao swali la kinga ya asili huja mapema. Mtu ameishi na mwenzake miaka, wamezaa, na bado kila akipima majibu yanarudi hasi. Ni haki yake kuuliza kama kuna kitu mwilini mwake kinachomlinda. Nilikiagiza kipimo hiki kwa sababu baadhi yao walikwisha kukisikia na wakataka kujua kama kinafaa kununuliwa. Jibu langu, ambalo nitalieleza kwa kirefu, ni kwamba maabara imefanya kazi yake vizuri, lakini ripoti imeifasiri kazi hiyo vibaya, kiasi kwamba anayeitegemea anaweza kujiingiza hatarini huku akiamini kwamba yuko salama.

Nianze na lililo jema. Ndani ya boksi mna chupa ndogo ya plastiki yenye faneli, kifuko cha kurudishia sampuli na kijitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha nyepesi. Mtumiaji anatakiwa asile, asinywe wala asivute sigara kwa nusu saa, kisha ateme mate mpaka yafike kwenye mstari uliochorwa ubavuni mwa chupa, bila kuhesabu povu. Hilo la povu ni la muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu chupa inaweza kuonekana imejaa na kumbe mate yenyewe hayajafika hata nusu, na sampuli ya namna hiyo hukataliwa maabara. Ukifunga kifuniko, majimaji ya buluu yaliyofichwa ndani yake humwagika na kuchanganyika na mate ili vinasaba visiharibike njiani. Majibu yalikuja ndani ya muda ulioahidiwa. Mtumiaji anaruhusiwa pia kupakua data ghafi, ambamo nafasi inayohusika huonyeshwa kwa herufi mbili tu, moja kwa kila nakala ya jeni, na mtu mwenye ujuzi kidogo anaweza kuhakikisha mwenyewe kwamba ripoti inalingana na kilichosomwa. Yangu ililingana.

Ili kueleza ripoti ilipoteleza ni lazima nieleze kwanza kinachopimwa. VVU huanza kwa kushika protini iitwayo CD4 iliyo juu ya seli nyeupe ya damu, kisha huhitaji kushika kipokezi cha pili ndipo vipenye ndani. Kwa aina nyingi za virusi ambazo ndizo humwambukiza mtu mara ya kwanza, kipokezi hicho, ambacho ndicho mlango wenyewe, ni CCR5. Mwaka 1996 makundi ya watafiti wa Marekani na Ubelgiji yalitangaza, karibu kwa wakati mmoja, kwamba baadhi ya watu wamerithi jeni ya CCR5 iliyopungukiwa na herufi 32. Upungufu huo, unaojulikana kama delta-32, huiharibu protini isiweze kufika juu ya seli. Aliyeurithi kwa baba na kwa mama hana CCR5 juu ya seli zake, na virusi vinavyotegemea mlango huo havina pa kuingilia.

Ugunduzi huo ni wa kweli na umezaa matunda. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin akiwa na VVU pamoja na saratani ya damu, alipandikizwa seli za uboho mwaka 2007, na tena mwaka 2008, kutoka kwa mchangiaji mwenye nakala mbili za delta-32 ambaye daktari wake, Gero Hütter, alimtafuta kwa makusudi. Brown aliacha dawa za kufubaza virusi, na virusi havikurudi mpaka alipofariki mwaka 2020 kwa saratani ileile. Mwaka 2007 pia iliidhinishwa dawa ya maraviroc, ambayo hufanya kazi kwa kukikalia kipokezi cha CCR5 ili virusi visikishike. Kwa hiyo kampuni haikubuni jambo la uongo, na ninalisema hili waziwazi kwa sababu nimeona watu wakikitupilia mbali kipimo hiki kana kwamba ni utapeli. Kinapima kitu halisi, na kinakipima sawasawa.

Tatizo linaanza pale ripoti inapofunguka. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa ngao. Mwenye nakala mbili za delta-32 huonyeshwa ngao ya kijani na maneno yasemayo kwamba amekingwa kiasili; mwenye nakala moja huonyeshwa ngao iliyojaa nusu; asiye nayo huonyeshwa ngao ya kijivu na kuambiwa kwamba hana kinga ya asili. Maelezo yanayozuia tafsiri potofu yapo, lakini yamewekwa mwishoni kabisa, baada ya kurasa za historia na picha za seli, kwa maandishi madogo ambayo mtu mwenye hofu au mwenye furaha hatayafikia.

Ngao ya kijani inaahidi zaidi ya inachoweza kutoa. Kuna aina za VVU zinazotumia kipokezi kingine, CXCR4, na tangu mwaka 1997 zimekuwapo taarifa za kitabibu za watu wenye nakala mbili za delta-32 ambao waliambukizwa hata hivyo. Ni wachache sana, lakini wapo, na mtu anayeacha kondomu kwa sababu ya rangi ya ngao anastahili kuambiwa habari zao kwenye ukurasa uleule. Tena delta-32 haizuii kaswende, kisonono wala homa ya ini aina ya B. Watu wasio na CCR5 wameonekana pia kuugua zaidi wanapoambukizwa virusi vya West Nile, jambo ambalo ripoti haikuligusa hata kwa sentensi moja. Ile ngao ya nusu ndiyo inayoniudhi zaidi. Mtu mwenye nakala moja anaweza kuambukizwa; kilichoonekana kwake ni kwamba, asipotibiwa, ugonjwa kwa wastani humwendea polepole zaidi. Kuchora hali hiyo kama nusu ya kinga ni kumpa msomaji tumaini ambalo utafiti haukulitoa.

Sasa nije kwenye ngao ya kijivu, ambayo ndiyo watakayoipata karibu wote wanaonijia. Delta-32 ni urithi wa Ulaya hasa. Kaskazini mwa bara hilo, takriban mtu 1 kati ya 5 ana nakala moja, na takriban 1 kati ya 100 ana nakala mbili. Kadiri unavyokwenda kusini idadi inapungua, na kwa watu wa asili ya Afrika au ya Asia ya Mashariki wasio na damu ya Ulaya upungufu huo ni kama haupo. Mtu wa asili ya Kiafrika anayetema mate kwenye chupa hii analipia jibu ambalo lilijulikana kabla hajafungua boksi. Kampuni inawauzia watu wa asili zote, haiulizi asili ya mteja, na haimwonyi popote kabla ya kulipa kwamba huenda kipimo hakina cha kumwambia.

Kosa hilo linazidi uzito ukikumbuka kwamba miongoni mwa watu ambao kinga ya asili dhidi ya VVU imechunguzwa kwao kwa miaka mingi zaidi ni wanawake wa Nairobi, ambao kinga yao haikutokana na delta-32. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, kilianza kuwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo, Pumwani. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo walikuwamo daktari Francis Plummer na muuguzi Elizabeth Ngugi, aliyekuja kuwa profesa na ambaye aliwasaidia wanawake wale kujipanga na kuhimizana kutumia kondomu. Kati ya mwaka 1985 na 1994 waliandikishwa wanawake 424 ambao hawakuwa na VVU, na 239 kati yao waliambukizwa. Ni idadi ya kutisha, na nyuma ya kila tarakimu kuna mtu, lakini ndani yake watafiti waliona jambo wasilolitarajia: kadiri mwanamke alivyodumu katika kazi hiyo bila kuambukizwa, ndivyo uwezekano wake wa kuambukizwa baadaye ulivyopungua. Kama ingekuwa bahati tupu, hatari ingebaki ileile mwaka hadi mwaka. Keith Fowke na wenzake walipoyachapisha matokeo hayo mwaka 1996, walionyesha kwamba tofauti za mwenendo wa ngono hazikutosha kueleza hali hiyo. Kulikuwa na kundi dogo la wanawake ambao miili yao ilikuwa ikifanya kitu.

Kitu gani? Mwaka 1995 Sarah Rowland-Jones na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba wanawake wa Gambia wanaofanya biashara hiyohiyo, ambao hawakuwa na VVU, walikuwa na seli za kinga za CD8 zinazotambua vipande vya virusi, maana yake miili yao ilikwisha kukutana na adui huyo na kumkumbuka. Seli za namna hiyo zilionekana baadaye kwa wanawake wa Majengo pia. Watafiti walipata uhusiano na aina fulani za jeni za HLA, ambazo huamua ni vipande gani vya virusi vinavyoonyeshwa kwa seli za kinga. Walipata katika majimaji ya ukeni protini zinazozuia vimeng'enya na kutuliza uchochezi, kwa kiwango cha juu kuliko kwa wanawake wengine. Jambo ambalo binafsi limenivutia kuliko yote ni kwamba seli za kinga za wanawake hao zilikuwa tulivu. VVU huzaliana vizuri katika seli za CD4 zilizochangamka, na seli iliyotulia huvipa nafasi finyu. Wanawake wale walikuwa na seli chache zaidi zilizochangamka. Tumezoea kudhani kwamba kinga kali ndiyo kinga bora, na hapa utulivu ndio ulioonekana kusaidia.

Kati ya hayo yote, hakuna hata moja linalopimwa na chupa ya mate. Ngao ya kijivu ingeonyeshwa kwa wanawake walewale ambao sayansi ya kinga ya asili ilijifunza kwao, na wangeambiwa kwa sentensi moja kwamba hawana kinga ya asili.

Lipo jambo la pili kuhusu wanawake wa Majengo ambalo kila anayetamani kuitwa mwenye kinga anapaswa kulijua. Mwaka 2001 Rupert Kaul na wenzake walieleza kwamba baadhi ya wanawake waliokuwa wamehesabiwa kuwa na kinga, wakiwa na zile seli za CD8 zinazovitambua virusi, waliambukizwa baadaye. Kilichohusishwa na maambukizi hayo ya kuchelewa ni kupunguza kazi ya ngono katika mwaka uliotangulia. Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba mwitikio wa kinga ulikuwa ukidumishwa na kukutana na virusi mara kwa mara, na uliponyimwa hilo ulififia, hata mwanamke aliporudi kazini akakuta ulinzi umekwisha. Utafiti huu hauwezi kugeuzwa kuwa ushauri kwamba mtu ajiweke karibu na virusi ili kinga isilale. Zaidi ya nusu ya wale 424 waliambukizwa katika mazingira hayohayo. Unachofundisha ni kwamba kinga ya aina hii, hata pale ilipo, si mali ya kudumu inayoweza kusomwa mara moja katika vinasaba na kuwekwa kwenye faili. Mtu aliye nayo mwaka huu anaweza asiwe nayo mwakani, na hakuna kliniki wala duka linaloweza kumpima leo na kumhakikishia.

Kampuni inatangaza kwamba toleo lijalo litapima jeni nyingi zaidi. Ningewashauri wasomaji wasilisubiri. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliopekua vinasaba vyote vya watu wenye hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda, ambao, miaka ya mwanzo ya janga hili, walidungwa dawa za kugandisha damu zilizotengenezwa kwa damu yenye VVU na hawakuambukizwa. Watu hao walikutana na virusi kwa njia iliyo wazi kuliko yoyote, moja kwa moja kwenye mshipa, na bado upekuzi huo uliishia kuithibitisha delta-32 bila kupata jeni nyingine yenye nguvu ya kufanana nayo. Ukiongeza herufi za kusoma, ripoti itakuwa ndefu zaidi, lakini tafsiri yake haitakuwa ya uhakika zaidi.

Nirudi kwa mteja wa kweli wa bidhaa hii, yaani mtu ambaye mwenzake ana VVU na yeye hana. Mara nyingi maelezo ya hali yake ni mepesi kuliko jeni yoyote. Kwanza, VVU havihami kwa urahisi kama wengi wanavyodhani: kwa ngono ya ukeni na mwenza asiyetibiwa, hatari kwa tendo moja kwa wastani ni takriban 1 kati ya 1,000 au pungufu, ingawa hupanda sana mwenza akiwa ameambukizwa karibuni, akiwa na virusi vingi mwilini, au mmoja wao akiwa na vidonda vya magonjwa ya zinaa. Mtu anaweza kupita muda mrefu bila kuambukizwa kwa bahati tu, na bahati haitoi taarifa siku inapoisha. Pili, na hili ndilo ninalolisema kwa furaha kila ninapopata nafasi, huenda mwenzake ndiye anayemlinda. Katika utafiti wa PARTNER, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2016, jozi 888 za wenza, ambamo mmoja alikuwa na VVU vilivyofubazwa kwa dawa, zilifuatiliwa. Wenza hao walieleza matendo ya ngono yapatayo 58,000 bila kondomu, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Mwanamume aliyenijia akisema kwamba damu yake ina nguvu alikuwa ameoa mwanamke ambaye hajakosa kidonge hata siku moja. Ripoti ya kipimo hiki ina kurasa nyingi za jeni na haina hata aya moja juu ya mwanamke huyo.

Huduma kwa wateja ni ya adabu. Niliwaandikia kuhusu ngao ya nusu na kuhusu wateja wa asili ya Kiafrika, wakanijibu upesi kwamba maoni yangu yamepelekwa kwa wahusika. Njia ya kufuta sampuli na taarifa ipo, na inafanya kazi, ingawa ruhusa ya kutumia taarifa zako katika utafiti imewekewa alama ya kukubali tangu mwanzo na ni juu yako kuiondoa. Kwa taarifa nyeti kama hizi ningependa iwe kinyume chake.

Nani basi akinunue? Mwenye asili ya Ulaya anayependa kujua urithi wake, na anayeelewa kwamba jibu lolote halibadilishi namna anavyojikinga, atapata alichokilipia. Anayetaka kujua kama ana VVU ajue kwamba hiki si kipimo cha VVU kabisa. Nimekutana na waliochanganya mambo hayo mawili, na boksi halisaidii kuyatenganisha. Anayetaka kinga ana bidhaa nyingine zilizopimwa kwa lengo hilohilo. Vidonge vya PrEP, yaani dawa za kujikinga kabla ya kukutana na virusi, vinafanya kazi vikimezwa inavyotakiwa. Aliyekwisha kukutana na hatari ana saa 72 za kuanza PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi baada ya hatari, na kila saa anayoichelewesha inampunguzia nafasi. Sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda, na katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kati ya 2,134 waliopewa. Hakuna kati ya bidhaa hizo inayouliza kwanza ulirithi nini kwa wazazi wako.

Inafaa kusema pia kwamba funzo la Majengo halijaishia makabatini. Mwaka 2018 Fowke na wenzake walieleza kwamba wanawake wa Kenya waliopewa aspirini kwa dozi ndogo walipungukiwa, kwa asilimia 35, na seli ambazo VVU huzishambulia katika njia ya uzazi. Lilikuwa jaribio la kuuigiza kwa dawa ule utulivu wa seli walioujaliwa wanawake wachache. Walichohesabu ni seli, hawakuhesabu maambukizi, kwa hiyo aspirini si kinga na mtu asiinunue kwa nia hiyo. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha ni njia gani yenye faida: kuuelewa mwili uliostahimili, kisha kutafuta namna ya kuwapa wengine kile ulichokuwa nacho.

Ninakipa kipimo hiki nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za maabara na za kijitabu cha maelekezo. Ya tatu nitaiongeza kampuni ikiondoa ngao kwenye ukurasa wa kwanza na kuandika mahali pake, kwa maandishi ya ukubwa uleule, mambo matatu: kwamba nakala mbili za delta-32 hupunguza hatari na haziiondoi, kwamba nakala moja haizuii maambukizi, na kwamba kukosa delta-32 hakuelezi chochote kuhusu njia nyingine ambazo mwili unaweza kupambana na VVU. Onyo kwa wateja wa asili ya Afrika na Asia liwekwe kabla ya malipo. Mpaka hayo yafanyike, wenza ninaowahudumia nitaendelea kuwaambia wasikinunue.